Baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu: Kosa ni la mpandaji au la barabara?

Na Mwandishi Wetu, Chunya

SWALI la nani mwenye haki ya kupita pembeni mwa barabara halikuwa na uzito mkubwa wilayani Chunya wakati barabara zote zilipokuwa za vumbi. Lori, baiskeli, mkokoteni, ng'ombe na mwanafunzi wa shule walitumia njia moja, na mashimo yalitosha kuhakikisha kwamba hakuna anayekwenda kasi ya kumtisha mwenzake.

Lami imeibadili hali hiyo. Tangu barabara inayotoka Mbeya kupitia Kawetere na Lwanjilo ilipowekwa lami hadi mjini Chunya, na baadaye ikaendelezwa hadi Makongolosi, safari kati ya Jiji la Mbeya na machimbo ya dhahabu imefupika kwa saa, ingawa haikufupika kwa kilomita. Mabasi, malori ya mizigo na magari madogo ya wafanyabiashara yanapita kwa mwendo ambao barabara ya vumbi isingeuruhusu.

Katikati ya mabadiliko hayo yumo mtu ambaye ni nadra kuulizwa maoni yake barabara inapochorwa: mwendesha baiskeli. Kulia kwake kuna lori. Kushoto kwake kuna mtaro, meza za wachuuzi na watu wanaotembea. Pale ambapo lami inaishia bila bega la kutosha, hulazimika kuchagua moja kati ya hatari mbili: abaki barabarani na kuhatarisha maisha yake, au apande njia ya waenda kwa miguu na kuwahatarisha wengine.

Wengi huchagua la pili, na si vigumu kuelewa sababu. Lakini uchaguzi huo unazua suala la kisheria ambalo miji midogo inayokua haraka haina budi kulijibu mapema: je, kuendesha baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu ni jambo la kuadhibiwa, na kama ni kosa, mkosaji wa kwanza ni nani?

Chombo au mguu?

Sheria mama inayosimamia matumizi ya barabara Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Mantiki yake, kama ilivyo kwa sheria nyingi za barabara duniani, ni kuwagawa watumiaji katika makundi mawili makubwa: walio juu ya chombo na wanaotembea kwa miguu.

Baiskeli iko upande wa vyombo. Mwendeshaji wake hutarajiwa kukaa upande wa kushoto wa barabara, kutii taa na alama, na kumpisha anayevuka kwenye kivuko. Akishuka na kuikokota, kwa desturi huhesabiwa kuwa mwenda kwa miguu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni hatua moja tu ya kushuka kwenye kiti, lakini kisheria ni kubwa.

Mgawanyo huo una historia ndefu. Mizizi ya sheria za barabara katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza iko Uingereza, ambako Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1835 ilikataza kupanda mnyama au kuendesha gari la kukokotwa kwenye njia iliyotengwa kwa waendao kwa miguu. Wakati huo baiskeli kama inavyojulikana leo haikuwapo. Ilipoenea, Bunge la nchi hiyo liliamua mwaka 1888 kwamba nayo ihesabiwe kuwa gari, na tangu hapo ikabeba marufuku iliyotungwa kwa ajili ya farasi na mikokoteni yao.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1999, Uingereza ilianzisha faini ya papo kwa papo kwa kosa hilo. Hata hivyo, waziri wa Wizara ya Mambo ya Ndani wakati huo, Paul Boateng, alitoa maelekezo kwamba faini haikulengwa kwa mtu anayepanda njia ya miguu kwa uangalifu kwa sababu ya kuogopa magari, na kwamba polisi watumie busara. Kwa maneno mengine, Serikali iliyotunga adhabu ndiyo iliyokiri kuwa hofu ya mpanda baiskeli ina msingi.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Ujerumani inawataka watoto walio chini ya miaka minane kuendesha baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, na inawaruhusu hadi watimize miaka 10. Japani ilifungua njia hizo kwa baiskeli kuanzia mwaka 1970 mahali palipowekwa alama, baada ya ongezeko la magari kuleta vifo vingi barabarani. Leo watoto walio chini ya miaka 13 na wazee wa miaka 70 na zaidi wanaruhusiwa huko, ilhali marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2024 yaliweka utaratibu wa faini za papo kwa papo kwa waendesha baiskeli wanaovunja sheria, kuanzia Aprili 2026.

Jirani Kenya, marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yaliweka kosa mahususi la kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa adhabu inayoweza kufikia faini ya Sh30,000 za nchi hiyo au kifungo cha miezi mitatu. Maneno ya kifungu hicho yanalenga vyombo vyenye injini. Aliyekiandika alijua ni nani hasa anayemtisha mtembea kwa miguu wa Nairobi.

Hesabu ya mgongano

Mifano hiyo inaonyesha kwamba hakuna jibu moja linalofaa kila mji. Lakini inaonyesha pia kuwa sheria nzuri huanza kwa kuuliza nani anaweza kumuumiza nani, na kwa kiasi gani.

Mtu mzima hutembea kwa takriban kilomita tano kwa saa. Mwendesha baiskeli wa kawaida huenda kilomita 15. Gari katika eneo la makazi linaruhusiwa kufika kilomita 50 kwa saa. Nguvu ya mgongano huongezeka kulingana na uzito, na huongezeka zaidi kulingana na mwendo, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Kwa hesabu hiyo, gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nguvu takriban mara 200 ya ile ya baiskeli na mpandaji wake wenye jumla ya kilo 85 wakienda kilomita 15. Lori lenye shehena halina haja ya kuwekwa kwenye mizani hiyo.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaoana na hesabu hiyo. Ripoti yake ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka. Waenda kwa miguu ni asilimia 23 ya vifo hivyo na waendesha baiskeli ni asilimia sita. Makundi hayo mawili yanagombea ukingo mmoja wa barabara, lakini muuaji wao mkubwa ni yule yule.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Pembeni mwa barabara ya lami methali hiyo imegeuka: nyasi ndizo zinazogombana, na fahali anapita katikati akipiga honi.

Hasira za mtembea kwa miguu

Pamoja na hayo, itakuwa si haki kumwondolea mwendesha baiskeli lawama zote. Baiskeli haina mlio. Mzee asiyesikia vizuri, mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, au mtu asiyeona anayeongozwa na fimbo nyeupe, hawana namna ya kujua kwamba kuna chombo kinawajia kwa nyuma. Kwao njia ya waenda kwa miguu ni mahali pekee ambapo hawapaswi kugeuka kila baada ya hatua tatu.

Aidha, baiskeli ya Chunya, kama zilivyo baiskeli nyingi za Tanzania, mara nyingi si chombo cha matembezi. Ni gari la mizigo la mtu asiye na gari. Karia ya nyuma hubeba gunia la mahindi, kuni, mkaa au madumu ya maji. Mpandaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 100 ni jumla ya kilo 185. Uzito huo ukiteremka mlimani ukiwa na breki za mpira uliochakaa, aliye mbele hawezi kuambiwa kuwa hana sababu ya kuogopa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya kundi hilo kuifikia na kuitumia miundombinu ya umma. Haki hiyo inakuwa ya karatasi iwapo njia iliyojengwa kwa ajili ya kutembea imejaa baiskeli, pikipiki na bidhaa zilizopangwa chini.

Lipo pia jambo ambalo waendesha baiskeli wengi hawalifikirii. Njia ya waenda kwa miguu si salama kwao kama wanavyoamini, hasa kwenye makutano. Dereva anayekata kona hutazama watu wanaotembea polepole. Hatarajii baiskeli ichomoze kutoka nyuma ya kibanda cha matunda kwa mwendo mara tatu ya wa mtembeaji. Hatari aliyoikimbia barabarani humngojea mtaa wa pili.

Mita 60 ambazo hazionekani

Mjadala wa aina hii huishia kwenye jibu la haraka kwamba nafasi haitoshi. Jibu hilo halilingani na sheria za nchi.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Wananchi wa mikoa mingi wanaikumbuka sheria hiyo kwa alama ya X iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba zao.

Sehemu ya lami inayopitisha magari katika barabara ya njia mbili huwa na upana wa takriban mita saba. Njia ya kutembea ya mita mbili na njia ya baiskeli ya mita moja na nusu, kila upande, zinahitaji jumla ya mita saba nyingine. Hata ukiongeza mitaro na mabega, bado sehemu kubwa ya mita 60 inabaki.

Katika mitaa ya ndani, ambako hifadhi ni finyu, ugumu ni wa kweli na majibu yatatofautiana. Lakini kwenye barabara kuu inayokatiza mji, tatizo si ardhi. Kuna watu waliotakiwa kubomoa nyumba ili barabara ipate nafasi. Kwamba nafasi hiyo imekosa kumfaa hata mtu aliye kwenye baiskeli ni suala la vipaumbele katika usanifu na bajeti, na linapaswa kujibiwa na wanaochora na kugharimia barabara.

Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) unasimamia barabara kuu na za mikoa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia za wilaya na mitaa. Halmashauri inabaki na wajibu wa masoko, usafi na sheria ndogo. Mwendesha baiskeli anayetoka kijijini kwenda sokoni huvuka mipaka ya mamlaka zote tatu ndani ya nusu saa, bila kukuta hata moja inayomhesabu kuwa mteja wake.

Somo la Dar es Salaam

Iwapo kuna anayedhani kwamba kujenga njia peke yake kunatosha, Dar es Salaam inatoa onyo. Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, yenye urefu wa kilomita 20.9 na iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Jiji hilo lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na njia hizo zilikuwa sehemu ya sifa zake.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya bodaboda kuzigeuza kuwa njia za mkato, na wachuuzi kuzigeuza kuwa soko. Aliyekusudiwa kufaidika, mtu mwenye baiskeli na mtu anayetembea, akarudi pale pale alipokuwa.

Hapa pana kinaya cha kihistoria. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, wakati vijana walipowavusha abiria kwa malipo kwenye karia. Mjini Shinyanga baiskeli za abiria ziliitwa daladala. Pikipiki zilipoingia kwa wingi na kutambuliwa rasmi na kanuni za mwaka 2010 kama chombo cha kubeba abiria, zilirithi jina na biashara. Sasa zinarithi hata njia.

Kwa hiyo, halmashauri yoyote inayotaka kutunga sheria ndogo kuhusu baiskeli juu ya njia ya waenda kwa miguu inapaswa kujiuliza kwanza inafanya nini kuhusu pikipiki. Ni rahisi kumkamata mwendesha baiskeli. Hana injini ya kumkimbizia, na mzigo wake haumruhusu kukata kona. Sheria inayotekelezwa kwa aliye rahisi kukamatwa, ikamwacha aliye hatari zaidi, hupoteza heshima mbele ya wote wawili.

Sheria ndogo ya namna gani?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupitishwa na Baraza la Madiwani, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Utaratibu huo unataka wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Ni nafasi ambayo mara nyingi hupita kimya, kisha malalamiko huanza siku ya msako wa kwanza.

Kwa mji kama Chunya, sheria ndogo yenye tija ingeweza kusimama juu ya mambo machache yanayoeleweka na kila mtu. La kwanza ni kanuni ya kushuka na kukokota: kwenye maeneo yenye msongamano kama sokoni, stendi na lango la hospitali, mwendesha baiskeli ashuke. Kanuni hiyo haihitaji fedha nyingi zaidi ya kibao, na haimnyimi mtu riziki.

La pili ni kuwatofautisha watumiaji. Mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli hawezi kutakiwa kushindana na malori kwenye ukingo wa lami. Mahali pasipo na bega la barabara, aruhusiwe kupita pembeni kwa mwendo wa mtembeaji. Mtu mzima mwenye gunia la kilo 100 yuko katika hali nyingine, na sheria inaweza kusema hivyo waziwazi.

La tatu ni kiwango cha adhabu. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, kwa hoja kwamba kiwango cha awali hakikulingana na kipato chao. Hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa mtu ambaye hata mafuta hanunui. Onyo, elimu na sharti la kuwa na kengele, breki na kiakisi mwanga nyuma vitaokoa watu wengi kuliko stakabadhi ya faini.

La nne, na ndilo zito, ni masharti kwa mamlaka zenyewe. Pawepo na utaratibu kwamba marufuku ya baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu itatumika tu pale ambapo mwendeshaji amepewa mahali pengine salama pa kupita. Bila sharti hilo, Serikali itakuwa inamtoza faini mwananchi kwa kukataa kugongwa.

Kabla mji haujakauka kama saruji

Chunya ina historia ya kukua kwa kishindo. Dhahabu ya Lupa iliyogunduliwa katika miaka ya 1920 iliujaza mji huu watu katika miaka ya 1930, kisha shughuli zikafifia, na mitaa ikabaki na ukubwa usiolingana na wakazi. Safari hii dalili za kukua zimerudi. Soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019, lami imefika, na fremu za maduka zinazidi kusogea barabarani.

Miji mikubwa ilijifunza somo la njia za pembeni baada ya kuwa imejaa. Mbeya yenyewe inapaswa kutafuta nafasi ya baiskeli katikati ya majengo, misururu ya malori ya Tunduma na mradi wa njia nne katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Iringa inahangaika na miteremko na mitaa myembamba. Chunya bado ina kitu ambacho miji hiyo haina tena, yaani nafasi ambayo haijajengwa.

Kupiga mstari wa mita moja na nusu leo, wakati ukingo ni udongo, ni kazi ya siku chache na rangi. Kuupiga baada ya miaka 10, wakati ukingo umekuwa maduka, ni kazi ya mahakama, fidia na tingatinga. Mwendesha baiskeli anayelaumiwa leo kwa kupanda njia ya waenda kwa miguu anaionyesha halmashauri, bila malipo yoyote, mahali hasa ambapo mstari huo unahitajika.